Oliver Tambo na Uongozi wa Harakati Uhamishoni, 1960–1990

Historia ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini husimuliwa zaidi kwa jina la Nelson Mandela, na heshima hiyo anaistahili. Lakini katika miaka 27 ambayo Mandela alikuwa gerezani, chama cha African National Congress, kinachojulikana kwa kifupi kama ANC, kiliongozwa kutoka nje ya nchi na rafiki yake wa tangu ujanani, Oliver Reginald Tambo. Tambo alikabidhiwa chama kilichopigwa marufuku, kisicho na ardhi wala hazina, ambacho viongozi wake wengine walikuwa wamefungwa au wamewekewa mipaka ya kutembea na kusema, na miaka thelathini baadaye chama hicho kilirudi nyumbani kikiwa bado kimoja. Vyama vya ukombozi vilivyoishi ugenini vimezoea kupasuka, kwa sababu ya ukata, kungoja kusikokwisha, majasusi wa adui na hofu ya wenyewe kwa wenyewe, na ANC ilizijua taabu hizo zote. Makala haya yanashikilia kwamba kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Tambo ilikuwa kuulinda umoja huo, na kwamba sehemu muhimu ya kazi hiyo ilifanyika katika ardhi ya Tanzania.

Mfumo alioupinga, yaani apartheid, ulikuwa ubaguzi wa rangi uliojengwa kwa sheria na kusimamiwa na dola. Msingi wake ni wa zamani kuliko jina lake, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imekwisha kuwazuia Waafrika, waliokuwa wengi kuliko watu wote nchini, kununua ardhi nje ya sehemu ndogo iliyotengwa kwa ajili yao. Chama cha makaburu, National Party, kiliposhika serikali mwaka 1948 kiliugeuza ubaguzi uliokuwepo kuwa mpango kamili wa utawala: mwaka 1950 zilitungwa sheria za kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake na kuyagawa makazi kwa rangi, mwaka 1953 ikatungwa sheria ya elimu iliyokusudia kumwandaa mtoto wa Kiafrika kwa kazi za chini, na sheria za pasi, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kuwa nacho kila mahali, zikakazwa hadi zikawafikia wanawake.

Tambo alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Nkantolo, wilaya ya Bizana, katika nchi ya Wapondo iliyo upande wa mashariki wa Afrika Kusini. Nchi hiyo ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1894, miaka 23 tu kabla ya kuzaliwa kwake, na baba yake alimwita Kaizana, kwa jina la mfalme wa Ujerumani aliyekuwa akipigana na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina Oliver lilikuja baadaye, alipoingia shule. Masomo yake yalianzia katika shule za misheni na yakaendelea kwa msaada wa wafadhili, kwa kuwa wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kulipa karo, hadi akafika St Peter's, shule ya Kianglikana iliyokuwa Johannesburg. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, ambako Waafrika wengi walioongoza siasa za kusini mwa bara walisomea, akahitimu shahada ya sayansi mwaka 1941, na mwaka uliofuata, alipokuwa akisomea ualimu, akafukuzwa kwa kuongoza mgomo wa wanafunzi.

Alirudi St Peter's kufundisha hisabati na sayansi, na akiwa mwalimu huko Johannesburg alijiunga na kundi la vijana walioona kwamba ANC, iliyoanzishwa mwaka 1912, ilikuwa imezoea kutuma maombi na wajumbe kwa watawala wasiosikia. Mwaka 1944 Tambo, Mandela, Walter Sisulu na wenzao, wakiongozwa na Anton Lembede, walianzisha Umoja wa Vijana wa ANC, ambao mafundisho yake yalikuwa kwamba Mwafrika ajikomboe kwa nguvu zake mwenyewe na asingoje kuongozwa na mtu wa rangi nyingine. Mwaka 1949 vijana hao walikifanya chama kikubali mpango wa migomo na uvunjaji wa sheria kwa amani, na Juni 1952 mpango huo ukazaa kampeni ya ukaidi, ambamo watu zaidi ya 8,000 walikamatwa kwa kukusudia kuvunja sheria za kibaguzi. Katika kampeni hiyo Waafrika na Wahindi walifungwa pamoja, na Tambo, kama Mandela na Sisulu, aliuacha taratibu msimamo wa kutofanya kazi na watu wa rangi nyingine. Mabadiliko hayo yana uzito katika maisha yake, kwa sababu swali la nani ni mwenye nchi, na nani anastahili kuipigania, lilimfuata hadi uhamishoni na mara mbili likatishia kukivunja chama chake.

Mwishoni mwa mwaka 1952 Tambo na Mandela walifungua ofisi ya uwakili katika jengo la Chancellor House, Johannesburg, karibu na mahakama. Ofisi za mawakili wa Kiafrika zilikuwa adimu, na hiyo ilijaa watu tangu asubuhi: waliokamatwa bila pasi, waliofukuzwa katika nyumba zao kwa kuwa mtaa umetangazwa kuwa wa Wazungu, wazee walioondolewa katika mashamba waliyolima kwa vizazi. Katika madai hayo Tambo alijifunza sheria za ubaguzi kama zinavyomfikia mtu mmoja mmoja, na hapo alijenga tabia aliyojulikana nayo hadi mwisho, ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, kuandika alichosikia, na kutoa jibu baada ya kulipima. Alikuwa pia Mwanglikana mwenye imani thabiti, rafiki wa kasisi Trevor Huddleston, na mwaka 1956 alikuwa amekubaliwa kuanza safari ya upadri. Lakini Desemba mwaka huohuo serikali iliwakamata watu 156, yeye akiwa mmoja wao, na kuwashtaki kwa uhaini, na njia hiyo ikafungwa. Mwezi huohuo alimwoa Adelaide Tshukudu, muuguzi na mwanaharakati, akiwa nje kwa dhamana.

Mashtaka yake yalifutwa mwishoni mwa mwaka 1957, na mwaka 1958, baada ya kuwa katibu mkuu, alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa ANC chini ya Chifu Albert Luthuli. Uongozi uliona kwamba chama kingepigwa marufuku wakati wowote, ukaamua kwamba siku hiyo ikifika Tambo atoke nje kukisemea mbele ya dunia. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga pasi katika mji wa Sharpeville na kuua 69, na kabla ya mwezi kwisha Tambo alivuka mpaka wa Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, kwa gari lililoendeshwa na mwandishi Ronald Segal. ANC na chama cha Pan Africanist Congress, au PAC, ambacho waasisi wake walijitenga na ANC kwa kupinga ushirikiano wake na watu wa rangi nyingine, vilipigwa marufuku tarehe 8 Aprili, na Tambo akaendelea na safari kupitia Nyasaland hadi Dar es Salaam, ambako alipokewa na Julius Nyerere na chama cha TANU, ingawa Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza.

Alipoondoka, Tambo alidhani kazi yake ingekuwa ya ubalozi tu. Alifungua ofisi, akaomba misaada, na Oktoba 1963 akazungumza katika Umoja wa Mataifa, mwezi ambao Baraza Kuu, kwa kura 106 dhidi ya moja ya Afrika Kusini yenyewe, lilitaka wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Lakini ndani ya nchi mambo yalikuwa yamegeuka: Desemba 1961 kiliundwa kikosi cha silaha cha Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, Julai 1963 polisi walivamia maficho yake huko Rivonia, na Juni 1964 Mandela, Sisulu na wenzao wakahukumiwa kifungo cha maisha. Balozi akajikuta amekuwa kiongozi wa chama kizima, likiwemo jeshi ambalo hakuliunda na hakupata mafunzo ya kuliongoza, na Luthuli alipofariki Julai 1967 akakaimu nafasi ya urais pia.

Wapiganaji waliotoka mafunzoni ng'ambo waliwekwa Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, mahali ambapo Waingereza walikuwa wamejaribu na kushindwa kulima karanga kwa mashine baada ya Vita Kuu ya Pili. Tanzania ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963, na Kongwa iliwapokea pia wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia na Rhodesia. Shida ya Waafrika Kusini ilikuwa umbali: kati yao na kwao zilikuwepo Rhodesia ya walowezi na makoloni ya Wareno, na miaka ilipita wakifanya gwaride na kungoja. Agosti 1967 ANC na chama cha ZAPU cha Rhodesia walivusha wapiganaji katika mto Zambezi kuelekea Wankie, wakakusudia kufungua njia ya kusini. Walipigana kwa ushujaa, lakini wengi waliuawa au kukamatwa, na waliokimbilia Botswana walifungwa huko.

Mmoja wa waliofungwa Botswana alikuwa Chris Hani, ambaye aliporudi Zambia yeye na wenzake sita waliandika waraka mkali wa kuwashutumu viongozi kwamba wamestarehe katika maofisi na safari za nje, wamewasahau waliotumwa kufa, na hawana mpango wa kuwarudisha wapiganaji nyumbani. Kwa baadhi ya makamanda waraka huo ulikuwa uasi wa kijeshi unaostahili adhabu kali kuliko zote, na waandishi wake walifukuzwa chamani. Tambo aliyakataa mambo mawili kwa pamoja, kuwaadhibu vikali waandishi na kuyazika malalamiko yao. Aliyapeleka malalamiko hayo kwa wanachama katika kambi na ofisi, akawataka waseme, na akaitisha mkutano wa kuyajibu.

Mkutano huo ulifanyika Morogoro kuanzia tarehe 25 Aprili hadi tarehe 1 Mei 1969, na wajumbe wake walikuwa zaidi ya sabini. Maneno yalikuwa makali, na Tambo, aliyekuwa mwenye dhamana ya kila kilicholalamikiwa, alijiuzulu mbele ya wajumbe, ambao walimrudisha katika nafasi yake. Kamati kuu ya chama ilipunguzwa, likaundwa Baraza la Mapinduzi la kusimamia siasa na vita kwa pamoja, na ukapitishwa waraka wa mkakati uliosema wazi kwamba silaha ni chombo cha siasa na haziwezi kushinda bila umma uliojipanga ndani ya nchi. Uamuzi uliozaa mjadala mkubwa kuliko yote ulikuwa kuwaruhusu Wahindi, Machotara na Wazungu kuwa wanachama wa ANC iliyo uhamishoni; na hapo busara ya Tambo ilionekana, kwa sababu mlango ulifunguliwa wa uanachama na wa Baraza la Mapinduzi, lakini kamati kuu ikabaki ya Waafrika peke yao, ili wenye shaka wasione kwamba chama kimenyang'anywa. Ilichukua miaka kumi na sita zaidi, hadi mkutano wa Kabwe nchini Zambia mwezi Juni 1985, kwa kamati kuu nayo kufunguliwa kwa wote. Hani na wenzake walisamehewa, na mwaka 1974 Hani aliingia katika kamati kuu aliyokuwa ameishutumu.

Umoja uliopatikana Morogoro ulijaribiwa upesi. Mwaka huohuo wa 1969 serikali ya Tanzania, katika kipindi cha wasiwasi wa usalama wake yenyewe, iliwataka wapiganaji wa ANC waondoke Kongwa, na ikabidi wahamishiwe Umoja wa Kisovieti mpaka walipoweza kurudi. Na mwaka 1975 wanachama wanane wenye majina makubwa, walioupinga uamuzi wa kuwapokea watu wa rangi nyingine, walifukuzwa baada ya miaka ya mabishano. Kufukuza watu hakukuwa desturi ya Tambo, aliyependelea kuongoza kwa maafikiano, yaani kuuendeleza mjadala mpaka upande ulioshindwa uone kwamba hoja yake imesikilizwa na sehemu yake imechukuliwa. Njia hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa maamuzi yalichelewa na wenye haraka walikata tamaa, lakini ndiyo iliyowaweka ndani ya chumba kimoja Wakomunisti na Wakristo, machifu na wafanyakazi wa viwandani, wanajeshi na wanadiplomasia, kila kundi likiamini kwamba rais wa chama anaelewana nalo.

Uasi wa wanafunzi wa Soweto, ulioanza tarehe 16 Juni 1976, uliwatoa nchini maelfu ya vijana ambao wengi wao hawakuwahi kuijua ANC ila kwa masimulizi ya wazazi. Wapo waliotaka bunduki siku hiyohiyo, na wapo waliokuwa bado watoto wa shule. Kwa hawa wa pili serikali ya Tanzania ilitoa ardhi huko Mazimbu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, katika lililokuwa shamba la mkonge. Shule iliyojengwa hapo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, nayo ilikua kwa misaada ya nchi za Skandinavia, Uholanzi na nyingine nyingi hadi ikawa na shule ya chekechea, msingi na sekondari, hospitali, karakana na mashamba. Kwa Tambo, aliyeizindua rasmi mwaka 1985, shule hiyo ilikuwa jibu kwa elimu ya utumwa iliyowekwa na sheria ya mwaka 1953, na pia shule ya siasa, kwani humo mtoto wa Soweto alifundishwa na walimu wa rangi na mataifa mbalimbali kabla hajawahi kuiona nchi isiyo na ubaguzi.

Historia ya haki haina budi kuyataja na mabaya ya kipindi hicho. Baada ya uhuru wa Angola mwaka 1975 kambi kubwa za Umkhonto zilihamia huko, na hofu ya majasusi, ambao kweli walikuwepo, ilikipa kikosi cha usalama cha chama madaraka yasiyodhibitiwa. Watu walifungwa bila hukumu, waliteswa, na baadhi waliuawa, na mwaka 1984 wapiganaji waliochoka na hali hiyo waliasi na uasi wao ukazimwa kwa nguvu. Tume iliyoundwa na chama mwaka huohuo iliyaeleza malalamiko ya wapiganaji, na mkutano wa Kabwe ukapitisha kanuni za nidhamu na haki za watuhumiwa, lakini tume za miaka ya 1990 zilithibitisha kwamba dhuluma zilikuwa kubwa na marekebisho yalikuja kwa kuchelewa. Tambo alikuwa mkuu wa chama, na dhamana hiyo haiwezi kuondolewa kwake. Uvumilivu uleule uliowaokoa waandishi wa waraka wa Hani uliwaacha pia wakuu wa usalama mahali pao kwa muda mrefu mno.

Mbele ya dunia, hata hivyo, heshima ya ANC ilijengwa juu ya mwenendo wake binafsi. Novemba 1980 alitia saini tamko mjini Geneva la kuahidi kwamba chama chake kitazifuata sheria za kimataifa zinazowalinda raia na mateka wakati wa vita, ahadi ambayo vyama vya ukombozi havikuwa na desturi ya kuitoa. Septemba 1985 alikutana nchini Zambia na wakuu wa makampuni makubwa ya Afrika Kusini, wakiongozwa na Gavin Relly; Februari 1986 alihutubia mkutano wa Stockholm pamoja na Waziri Mkuu Olof Palme, aliyeuawa wiki moja baadaye; na Januari 1987 alipokewa Washington na Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, George Shultz, miezi michache baada ya Bunge la nchi hiyo kupitisha vikwazo kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Reagan. Kila tarehe 8 Januari, siku ya kuzaliwa kwa ANC, tamko la chama lilirushwa hewani na Redio ya Uhuru kutoka Tanzania na nchi nyingine rafiki, likiwafikia waliokuwa ndani. Tamko la mwaka 1985 liliwataka waifanye nchi isitawalike, na miji ya Waafrika ikaitikia.

Alipoona kwamba utawala wa makaburu utalazimika kuzungumza, aliharakisha kuandaa masharti ya mazungumzo kabla wakubwa wa dunia hawajayaandika wao. Katikati ya mwaka 1989 alizunguka katika nchi za mstari wa mbele, yaani majirani waliobeba mzigo wa ukombozi wa kusini, akiomba rai na marekebisho, na tarehe 21 Agosti 1989 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukayapitisha masharti hayo mjini Harare: wafungwa waachiliwe, vyama vifunguliwe, hali ya hatari iondolewe, katiba ijayo imhesabu kila mtu kuwa raia sawa. Kazi hiyo ilimmaliza. Mwezi huohuo alipatwa na kiharusi mjini Lusaka, na chama kilipofunguliwa Februari 1990 alikuwa mgonjwa Ulaya. Alirudi nyumbani Desemba mwaka huo, akamkabidhi Mandela urais katika mkutano wa Durban mwezi Julai 1991, akapewa uenyekiti wa taifa wa chama, na akafariki tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote.

Mkutano huo wa Durban ndio kipimo cha haki cha uongozi wake. Walikutana humo watu wa makundi matatu yaliyotenganishwa kwa muda mrefu, yaani waliotoka magerezani, waliotoka ugenini na waliopigana ndani ya nchi katika vyama vya wafanyakazi na vya mitaa, na kila kundi lilikuwa na viongozi wake, lugha yake ya siasa na kumbukumbu zake za machungu. Hata hivyo walichagua uongozi mmoja na kuupeleka kwenye meza ya mazungumzo na sauti moja, jambo ambalo serikali ya makaburu ilikuwa imetumia miaka thelathini na mabilioni ya fedha kulizuia. Umoja huo uliandaliwa kwa kazi ya kila siku isiyopigiwa makofi, ya kusikiliza, kusahihisha, kungoja na kukubali lawama hadharani kama alivyofanya Morogoro. Kwa sababu hiyo historia ya Tambo haiwezi kuandikwa ikamilike bila Kongwa, Morogoro na Mazimbu, wala historia ya Tanzania ya miaka hiyo haiwezi kuandikwa bila yeye. Na wanaosoma leo Mazimbu, iliyorudishwa kwa Watanzania na kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamerithi majengo yaliyojengwa na watu walioamini kwamba nchi isiyobagua hufundishwa kwanza, ndipo ipatikane.